Lowesha Kwanza, Ndipo Ukwangue

Mpunga ukishauzwa, Ifakara huanza kujikwangua. Kuanzia Juni hadi mawingu ya Novemba yanapoanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa, ukipita Kibaoni, Mlabani, Lipangalala au Viwanja Sitini utasikia skrepa zikilia ukutani na msasa ukikoroma juu ya milango. Pesa ya magunia imeingia. Kuna harusi ya Agosti, kuna kipaimara, kuna shemeji anakuja kutoka Dar, na nyumba haiwezi kupokea watu ikiwa bado ina madoa ya masika. Fundi anafika na ndoo yenye vifaa vyake vyote: skrepa mbili, brashi ya waya, msasa namba 60, na fulana kuukuu ya kujifunga puani. Anaanza na mlango wa mbele, kwa sababu ndio unaoonekana. Kufikia saa nne asubuhi baraza lote limejaa unga wa kijani, watoto wanachora humo kwa vidole, na mama mwenye nyumba anapita na ufagio wa chelewa akiusukumia uani.

Sina ugomvi na ukarabati. Nyumba isiyokarabatiwa katika bonde hili la Kilombero hurudi udongo upesi kuliko mwenyewe anavyodhani. Ugomvi wangu ni na ule unga wa kijani. Rangi ya mafuta ya zamani haipaswi kukwanguliwa ikiwa kavu, na ile iliyoshika vizuri ukutani haipaswi kukwanguliwa kabisa. Hilo halihitaji mashine ya kutoka nje wala mradi wa mfadhili. Linahitaji maji, ambayo bonde letu halina shida nayo, na mwenye nyumba aliye tayari kumlipa fundi siku moja zaidi.

Tuanze na kilichomo ndani ya unga huo. Rangi ya mafuta ina gundi inayoshika, kiyeyushi kinachoifanya ipakike, na unga unaoipa rangi yake. Kwa muda mrefu sana unga huo, na hata dawa ya kuikausha haraka, ulitengenezwa kwa madini ya risasi. Mafundi waliipenda kwa sababu za kweli. Risasi nyeupe ilifunika ubao kwa mikono michache, ikastahimili jua na mvua. Kromati ya risasi ilitoa njano iliyokoza na rangi ya chungwa, na ikichanganywa na buluu ilitoa kijani. Madhara yake yalijulikana mapema pia. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo, ingawa liliacha mwanya kwa stesheni za reli na viwanda. Marekani ilisubiri hadi 1978 ndipo ikaipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani.

Hapa kwetu hadithi ni ya karibu zaidi. Asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imenunua zaidi ya mara moja makopo ya rangi za mafuta katika maduka ya kawaida ya Tanzania na kuyapeleka maabara. Si kopo moja wala mawili yaliyokutwa na risasi kupita kikomo, na rangi zinazong'aa, hasa njano, ndizo zilizoongoza kwa ubaya. Viwango vya rangi vya Afrika Mashariki, ambavyo kwetu vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, vinaruhusu sehemu 90 tu za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Kwa hiyo kopo unalonunua leo lenye alama ya ubora lina nafuu. Lakini fundi hakwangui kopo la leo. Anakwangua alichopaka baba yako, na chini yake alichopaka aliyemuuzia baba yako, na huenda mkono wa kwanza kabisa ulipakwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bidhaa zilikuwa adimu na mtu alishukuru kupata kopo lolote, la rangi yoyote, kutoka popote. Hakuna aliyesoma lebo miaka ile. Mara nyingi hakukuwa na lebo.

Nisemee jambo moja pembeni, maana mafundi wa mageti hulichanganya. Redi oksaidi, ile ya kahawia nyekundu inayopakwa kwenye nondo na mageti, yenyewe si risasi. Ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Risasi nyekundu ni kitu kingine, kilichopakwa zamani kwenye madaraja, meli na vyuma vya reli, na rangi yake huelekea kwenye chungwa. Zikishazeeka chini ya mikono mitatu ya rangi nyingine, jicho haliwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo chuma cha zamani nacho kitendewe kwa tahadhari ileile ya mlango.

Risasi ikiwa imetulia ukutani chini ya rangi nzima haimdhuru mtu. Inadhuru ikishakuwa vumbi au moshi, au magamba yanayofikia kinywa cha mtoto. Mfano hauko mbali: reli ya TAZARA inayopita hapa mjini huishia New Kapiri Mposhi, Zambia. Kusini ya hapo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, iko Kabwe, ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa tangu 1906 hadi 1994. Mgodi ulifungwa, vumbi likabaki mitaani, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa bado wanakutwa na risasi damuni. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia majirani sumu hiyohiyo. Phyllis Omido, aliyeanza kukipigia kelele kiwanda hicho baada ya mwanawe mchanga kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Hakuna mtoto wa Kabwe wala wa Owino Uhuru aliyetafuna chuma. Walicheza chini kama watoto wote, kisha wakala bila kunawa.

Kuhusu rangi hasa, aliyeugundua mchezo huu alikuwa daktari wa macho wa Brisbane, Australia, aitwaye Lockhart Gibson. Mwaka 1904 aliandika kwamba watoto wa Queensland waliokuwa wakiugua na hata kupofuka walipata risasi kutoka kwenye rangi ya vizuizi vya baraza na kuta za nyumba zao. Queensland ni jimbo la joto, nyumba zake za mbao zina baraza pana, na jua lile liliigeuza rangi kuwa unga uliobaki mikononi mwa kila aliyeshika kizuizi. Wenzake wengi hawakumwamini. Ilipofika 1922 sheria ya huko ikazuia rangi ya risasi katika sehemu za nje ya nyumba ambazo mkono wa mtoto unafika. Naipenda sheria ile kwa sababu iliandikwa na mtu aliyeinama akapima urefu wa mtoto.

Sasa tuiname na sisi tupime. Ingia darasa lolote la shule ya zamani katika bonde hili, Mang'ula, Kiberege au Mlimba, au wodi, au ofisi ya kijiji. Ukuta umegawanywa mara mbili. Juu ni chokaa au rangi ya maji, nyeupe au krimu. Chini, kama mita moja na ushee kutoka sakafuni, ni rangi ya mafuta, bluu au kijani au kahawia, ili uchafu wa mikono na migongo ufutike. Utaratibu huu una akili, hadi uukumbuke mto. Ifakara imekaa juu ya uwanda wa mafuriko; Lumemo ukifurika unaingia mitaani, na hata mwaka usio na mafuriko maji ya ardhini yako karibu. Tofali la kuchoma hunyonya unyevu kutoka chini na kuupandisha. Ukuta wa chokaa ungeuachia unyevu huo utoke taratibu. Rangi ya mafuta inauzuia. Basi unyevu unasukuma kutoka ndani, pamoja na chumvi yake, na rangi inavimba malengelenge, inapasuka, inaning'inia magamba magamba. Yote haya yanatokea kwenye ile mita moja ya chini ambako mwanafunzi wa darasa la kwanza anaegemeza bega, akichoka na hesabu anabandua gamba moja kwa ukucha.

Likizo ya Juni ikifika, fundi anapewa kazi ya kupendezesha darasa. Anakwangua hiyo mita moja ikiwa kavu, anafagia, anapaka rangi ya mafuta juu ya ukuta ambao bado una unyevu. Baada ya masika mbili tunaanza upya. Lile vumbi la kwanza halikuondoka. Liko kwenye nyufa za sakafu na kwenye madawati.

Kuna rafiki aliyeniambia, nilipomweleza haya, kwamba mtu wa Ifakara anayehofia rangi amekosa kazi. Hapa, alisema, tunahesabu watoto wanaokufa kwa malaria, na wewe unatuletea ugonjwa wa Wazungu wenye nyumba za mbao. Hoja yake ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini hakuna mji nchini uliostahili kuielewa hoja yangu haraka kuliko Ifakara. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti. Ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara tunayoijua leo. (Ukoo wake ndio ule wa kampuni ya Geigy, ambako Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. DDT ilifanya kazi kwa kubaki ukutani miezi mingi, ikimsubiri mbu atue.) Watafiti wa taasisi hiyo wamejenga pale Kining'ina mji mzima wa mbu ndani ya vyandarua, wenye vibanda na mimea, na wameupa ulimwengu ushahidi juu ya upenyo kati ya ukuta na paa, nyavu za madirishani, na tabia ya mbu anapotafuta mlango wa kuingilia. Kwa ufupi, wakazi wa mji huu wameambiwa kwa zaidi ya nusu karne kwamba jinsi ulivyoijenga nyumba yako ndivyo afya ya wanao itakavyokuwa. Mimi naongeza mlango kwenye orodha hiyo.

Tena magonjwa haya mawili hayashindani; yanasaidiana. Mtoto hunyonya risasi kutoka tumboni mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma mwilini hunyonya zaidi, maana utumbo unaotafuta chuma kwa pupa huichukua risasi pia. Na nani ana upungufu wa damu katika bonde hili? Watoto wale wale waliopitiwa na malaria, wenye minyoo ya safura, wanaokula wali mweupe na mboga kidogo. Kisha risasi nayo huharibu utengenezaji wa damu, huleta maumivu ya tumbo, uchovu, na akili kuwa nzito darasani. Daktari wa zahanati, akimwona mtoto aliyepauka na kulegea, atafikiria malaria, na mara nyingi atakuwa sahihi. Hakuna atakayemuuliza mama kama wiki iliyopita walikuwa wanakwangua mlango. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Ikishaingia hujificha kwenye mifupa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka tena mifupani, ikampitia mtoto aliye tumboni.

Nirudi kwenye mlango, kwa sababu mlango ndio unaostahili kazi yetu kuliko ukuta. Milango mingi ya zamani ya Ifakara, ukiitoa rangi, utakuta chini yake mvule, mninga au mkongo, mbao zilizokatwa wakati misitu ya bonde hili na miteremko ya Udzungwa ilikuwa bado na magogo ya kuzungukwa na watu wawili. Mbao hizo leo ni ghali, uvunaji wake una vibali, na ubao wenye kibali mara nyingi hauna upana ule. Kinachopatikana kwa urahisi ni paini ya Sao Hill na mtiki wa kupandwa, ambao hapa bondeni mashamba yake makubwa yalianza miaka ya 1990. Mtiki ni mti mzuri, sina neno nao, lakini ubao wake mchanga haufanani na mvule wa miaka mia. Naona watu wanang'oa milango ya mvule kwa sababu rangi imechubuka, wanaweka ya aluminiamu na kioo cha kiza, na ule wa mvule unakwenda jikoni kuwa kuni. Ni hasara mara mbili, na ya pili nitaieleza baadaye.

Mlango wenye rangi ya zamani una sababu ya pekee ya kukwanguliwa hata kama rangi imeshika: unasuguana. Kila unapofunguliwa na kufungwa, ukingo wake unasaga fremu, na vumbi laini linadondoka kizingitini, mahali ambapo mtoto anayetambaa hupita. Dirisha la mbao ni vilevile. Kwa hiyo kingo zinazosuguana zitolewe rangi hadi kwenye ubao.

Fungua bawaba, utoe mlango nje, uulaze juu ya vibao viwili, na chini yake utandike nailoni nene inayozidi mlango pande zote. Usifanyie sebuleni. Uuloweshe kwa chupa ya kupulizia au sponji, ungoje kidogo, ndipo ukwangue ukifuata njia ya ubao, na kila ubao ukianza kukauka unalowesha tena. (Tafadhali isiwe bomba la kupulizia magugu lililotoka shambani, tusitibu sumu kwa sumu.) Kwa kumalizia tumia msasa wa maji, ule wa mafundi wa kupiga rangi magari, ambao wao tangu zamani wanajua unafanya kazi ukilowa. Tope la rangi linakusanywa kwa kitambaa, halifagiliwi. Fundi asile wala kuvuta sigara katikati ya kazi, anawe kwa sabuni kabla ya chakula, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwake kufuliwa pamoja na nepi. Fulana puani haizuii vumbi hili. Barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni inazuia, na bei yake ni ndogo kuliko ya kopo la rangi. Na vumbi la mvule lenyewe, hata bila rangi, huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya mafundi wa mbao. Maji yanamaliza kesi zote mbili.

Kuhusu njia za mkato. Moto ndio mbaya kuliko zote. Mafundi wengine huichoma rangi kwa moto wa gesi hadi ilainike, kisha huibandua kama ngozi ya kiazi. Inapendeza kuiangalia. Moto wa wazi una joto la kutosha kuigeuza risasi kuwa moshi, na moshi huo huingia mapafuni moja kwa moja. Sheria ya Marekani ya ukarabati wa nyumba za zamani, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inakataza moto wa wazi kabisa, na hata mashine ya hewa moto hairuhusiwi kupita nyuzi 590 hivi za selsiasi. Grainda yenye msasa wa duara, bila kifyonza vumbi, nayo imekatazwa huko. Hapa ndiyo inayosifiwa kwa kasi yake. Soda kali ya watengeneza sabuni inaitoa rangi kweli, lakini inachoma ngozi na macho, inanyanyua nyuzi za ubao, na baadhi ya mbao ngumu huzigeuza nyeusi hadi umalize siki ya duka zima kuisuuza. Dawa za kopo za kutolea rangi ni suala la kusoma lebo: zenye dikloromethani zimeua watu waliojifungia bafuni kwa kazi fupi tu, na Marekani iliziondoa kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2019. Kama lebo haisomeki, liache kopo dukani.

Na ukuta je? Kwa ukuta, ushauri wangu wa kwanza ni kuacha. Rangi ya zamani iliyoshika, isiyovimba, ioshwe kwa maji ya sabuni, isuguliwe mng'ao wake kidogo kwa msasa wa maji ili rangi mpya ipate pa kushika, ipakwe juu. Risasi iliyofungwa chini ya mikono miwili ya rangi mpya haiendi popote. Ukuta wa chokaa una kipimo chake: pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, chokaa inaachia, na rangi yoyote ya maji utakayopaka juu yake itabanduka nayo. Hapo brashi ngumu na maji vinatosha. Chokaa haina deni la risasi. Ukuta unaovimba chini usipakwe hadi ujue maji yanatoka wapi: mfereji wa paa unaomwaga ukutani, udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu, bafu la jirani. Ukishajua, ile mita ya chini irudishiwe chokaa au rangi inayopumua. Mji Mkongwe wa Zanzibar walijifunza hili kwa maumivu: kuta za mawe na chokaa zilizopigwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki zikafungiwa unyevu ndani, lipu ikamomonyoka vipande vipande, na wahifadhi wakalazimika kurudi kwenye chokaa iliyokuwapo mwanzo. Kwa kweli ni kitu cha kuudhi kwamba bonde zima la matofali linang'ang'ania kung'arisha kuta zake kwa rangi ya mafuta, kwa sababu tu ofisi ya serikali ndivyo ilivyopakwa.

Tulimwacha mama anasukuma unga wa kijani uani. Uani ndipo mahali pabaya kuliko pote katika nyumba ya Kilombero kupelekea vumbi la rangi. Msimu wa kukwangua ndio msimu wa kuanika: mpunga umetandazwa juu ya turubai hatua chache kutoka barazani, na upepo wa Julai unajua njia. Kuku wanapekua kila kilichodondoka, na risasi anayoila kuku hufika kwenye yai. Kisima kifupi kipo nyuma ya choo. Na mlango wa zamani uliopasuliwa unaingia jikoni. Hii ndiyo hasara ya pili niliyoiahidi. Ubao wenye rangi ukichomwa, sehemu ya risasi inapanda na moshi kwa anayepika, na iliyobaki inakaa kwenye majivu. Majivu hayo hayatupwi. Yanasugulia sufuria, yanahifadhia maharage yasibunguliwe, yanamwagwa kwenye bustani ya mchicha. Sijui njia nyingine ya kuisambaza sumu ndani ya familia kwa ukamilifu kama hiyo. Ubao wenye rangi usiwe kuni kamwe, hata vipande vidogo vya kuwashia.

Magamba na tope yafungwe kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko, yakabidhiwe gari la taka la halmashauri pale linapofika. Kuzika si jibu zuri kwetu. Katika uwanda wa mafuriko unachokizika Agosti kinaweza kukurudia Aprili.

Haya yote yana gharama, na hapo ndipo ubishi ulipo. Mafundi rangi si wakaidi. Wanalipwa kwa chumba, au kwa nyumba nzima kwa mkupuo, na anayelipwa kwa chumba atakwangua kavu kwa sababu kavu ni haraka. Ukimwambia aloweshe huku ukimlipa kwa chumba, umemwambia afanye kazi ya siku mbili kwa ujira wa siku moja. Na yeye ndiye anayekula vumbi la nyumba thelathini kwa msimu, si la moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi hawezi kufika kila baraza. Makadirio ya gharama yanafika. Halmashauri inapokarabati madarasa kwa kutumia mafundi wa hapahapa, makadirio yake huorodhesha mifuko ya saruji, misumari na lita za rangi hadi kopo la mwisho. Ni mstari mmoja tu unaokosekana, wa nailoni, barakoa, msasa wa maji na siku za ziada za kukwangua, na sharti kwamba darasa lipigwe deki mara mbili kabla mtoto hajarudi. Vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha upakaji rangi vianze na hilo kabla ya rola. Na sampuli chache za rangi kutoka shule na wodi za zamani za bonde zipimwe risasi, ili tujue ni majengo yapi ya kuanza nayo badala ya kubishana barazani.

Nyumba za watu binafsi hazitangojea halmashauri. Fundi atakuambia ukuta uliolowa unachelewesha rangi, na kwa Oktoba ana haki. Julai ukuta uliolowa leo hukauka kesho kutwa, mlango uliolazwa juani unakuwa tayari kupakwa vanishi ndani ya wiki, na mvule haukuhitaji rangi ya mafuta tangu mwanzo. Mwisho wa Oktoba ana kazi tano mkononi, mawingu yanakaribia, na kila mwenye nyumba anataka amaliziwe yeye kwanza. Makubaliano ya kulipa kwa siku, si kwa chumba, yafanyike mpunga ukiwa bado ghalani.